Mkimbizi asiyepiga kura amwandikieje seneta kuhusu fedha za kupasha joto nyumba?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mkongomani, mama wa watoto wanne, niliyefika Lewiston, katika jimbo la Maine, Marekani, mwaka 2022 kutoka kambi ya Nyarugusu. Kambini tulihangaika na kuni; hapa tunahangaika na mafuta ya boila, mtambo unaopasha nyumba joto. Tumekuwa tukilipiwa sehemu ya mafuta na mpango wa HEAP, lakini mwishoni mwa 2025 msaada ulichelewa na tukalala baridi. Jirani yangu anasema fedha hizo zinatoka Washington, na kwamba niwaandikie wabunge wazitetee. Naogopa. Mimi si raia, sipigi kura, na kadi yangu ya ukaazi wa kudumu bado haijatoka. Je, ninaruhusiwa? Na nikiandika, niseme nini ili barua yangu isitupwe?

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa baridi mliyoilalia. Unaruhusiwa kuandika, na huhitaji kibali cha mtu yeyote. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanalinda haki ya watu kuiomba serikali iwaondolee jambo linalowaumiza, na neno lililotumika pale ni "watu", si "raia". Isitoshe, viti vya Baraza la Wawakilishi hugawanywa kati ya majimbo kwa kuhesabu wakazi wote, awe raia au asiwe, kwa hiyo kila sensa inapofanyika mtu kama wewe huhesabiwa, na hesabu hiyo ndiyo inayoamua Maine ipate viti vingapi. Mbunge wa eneo lenu anakuwakilisha wewe pia.

Kuhusu kadi yako ya ukaazi, najua woga huu umewazuia wengi hata kuomba msaada wenyewe. Wamesikia kwamba anayepokea msaada wa serikali huonekana "mzigo kwa umma" na kunyimwa kadi. Sheria ya uhamiaji imewatoa waziwazi wakimbizi na watu waliopewa hifadhi katika kipimo hicho wanapoomba ukaazi wa kudumu. Kumwandikia seneta hakuingii katika faili lako la uhamiaji, wala barua yako haihitaji kutaja hali yako ya uhamiaji hata kidogo. Lipo onyo moja tu ambalo naomba ulishike sana: usijiite raia, na usiandike "mimi ni mpiga kura wako", hata kama rafiki aliyekusaidia kuandika ataona maneno hayo yananogesha barua. Kudai uraia usio nao ni kosa linaloweza kumharibia mtu maisha yake yote katika nchi hii. Andika "mimi ni mkazi wa Lewiston", maana hiyo ni kweli na inatosha.

Sasa tuje kwenye fedha zenyewe, kwa sababu hapa ndipo barua nyingi zinapopotea njia. HEAP ni jina la Maine la mpango wa taifa unaoitwa LIHEAP, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1981 ili kuzisaidia kaya zenye kipato kidogo kulipia nishati ya nyumbani. Bunge la Marekani hutenga fedha. Wizara ya Afya na Huduma za Jamii huzigawa kwa majimbo, kwa makabila ya wenyeji wa asili na kwa maeneo mengine yaliyo chini ya Marekani. Hapa kwenu mamlaka ya nyumba ya jimbo, MaineHousing, huzipokea. Mashirika ya jamii hupokea maombi. Na mwishoni muuza mafuta hulipwa moja kwa moja. Wewe unaona lori la mafuta tu likisimama nyuma ya nyumba, lakini mkono ulioanza kulisukuma lori hilo uko Washington.

Jambo la kulielewa kuliko yote ni kwamba fedha hizi si haki ya kila anayestahili. Kuponi za chakula hupewa kila kaya iliyotimiza masharti, hata idadi ikiongezeka. LIHEAP ni kapu: Bunge huamua kila mwaka litiwe kiasi gani, na likiisha limeisha, hata kama aliyebaki kwenye foleni ana mtoto mchanga. Sheria inaruhusu majimbo kuzisaidia kaya zenye kipato cha hadi asilimia 150 ya kipimo cha umaskini cha taifa, au asilimia 60 ya kipato cha kati cha jimbo, ikiwa hicho ndicho kikubwa zaidi. Wanaoingia katika kipimo hicho ni wengi mno, na wanaofikiwa hawafiki robo yao. Katika miaka ya fedha ya 2009 na 2010 kapu lilikuwa na dola bilioni 5.1 kila mwaka. Karibuni limekuwa kama dola bilioni 4, zinazosaidia kaya zinazokaribia milioni 6 nchi nzima. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mpango huu upo tangu zamani na utaendelea kuwapo tu, usimwamini. Kila mwaka unaombewa upya.

Kuchelewa mlikokuona kuna historia yake, na ni vizuri uijue kabla hujashika kalamu. Mwanzoni mwa Aprili 2025 wizara iliwaachisha kazi watumishi wote wa ofisi ndogo iliyousimamia mpango huu huko Washington, wakati kiasi kinachokaribia dola milioni 400 cha mwaka ule kilikuwa bado hakijagawanywa. Wabunge wa vyama vyote viwili walipaza sauti, na fedha zile zikatolewa wiki chache baadaye. Mwezi Mei bajeti iliyopendekezwa na Rais kwa mwaka wa fedha 2026 ikataka mpango wote ufutwe. Kisha shughuli za serikali zikasimama kwa siku 43, kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12, kwa sababu Bunge halikuwa limepitisha matumizi, na majimbo yakasubiri fedha za baridi hadi mwisho wa Novemba. Kama karani alikuambia "bado hatujapokea", alikuwa anasema kweli. Ninakueleza haya ili uone kwamba tangi lenu halikukauka kwa bahati mbaya, na pia kwamba kelele za Aprili zilizaa matunda.

Kabla sijafika kwenye barua, niruhusu niseme jambo la usalama, maana baridi haisubiri Bunge. Mafuta yakikaribia kuisha, usiwashe oveni ya gesi ili kupasha nyumba joto, na kamwe usiingize ndani jiko la makaa, au makala kama mnavyoyaita Kongo. Nyumba za hapa zimezibwa kila ufa, na hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi haina harufu. Huua watu wakiwa usingizini. Pigia simu shirika la jamii lililopokea ombi lako na useme kwamba ni dharura. Sheria ya LIHEAP inataka dharura ya nishati ishughulikiwe ndani ya saa 48, na ndani ya saa 18 ikiwa maisha yako hatarini. Taja tarakimu hiyo ya saa 18 ukiwa na mtoto mdogo, mzee au mgonjwa ndani.

Haya, unamwandikia nani? Katika Bunge la Marekani una watu watatu: maseneta wawili wa Maine na mwakilishi mmoja wa wilaya ya pili ya uchaguzi, ambamo Lewiston imo. Ningekuwa wewe ningeanza na Seneta Susan Collins, kwa sababu tangu Januari 2025 yeye ni mwenyekiti wa Kamati ya Matumizi ya Fedha ya Seneti, kamati inayoandika kiasi kitakachoingia kwenye kapu. Kwa miaka mingi yeye na Seneta Jack Reed wa Rhode Island, wa chama kingine, wamekuwa wakiwaongoza wenzao kuzitetea fedha hizi. Utauliza: kama tayari anazitetea, kwa nini nimwandikie? Kwa sababu anayetetea jambo mezani huhitaji kitu cha kuweka mezani. Akisema "wakazi wangu wanalala baridi" ataulizwa ni akina nani, na barua yako ndiyo jibu. Nakala mpelekee Seneta Angus King, na nyingine mwakilishi wa wilaya yenu, kila moja ikiwa na jina la mpokeaji wake. Barua moja yenye majina matatu juu yake humfanya kila msomaji adhani mwenzake atajibu.

Barua hizo husomwa kwanza na wasaidizi, wengi wao vijana, ambao huzipanga kwa mada, huzihesabu, na kumpa mkubwa wao taarifa ya kile wakazi wanachokiulizia. Barua iliyonakiliwa kutoka kwa wengine huongeza hesabu, lakini husahauliwa. Ile yenye jambo ambalo msomaji hakulijua huenda ikapelekwa juu. Nimewahi kukaa kama mkalimani katika mazungumzo ya aina hii: mama mmoja alieleza kwa dakika 20 jinsi maisha yalivyo magumu, na yule kijana wa ofisini akawa anaitikia kwa kichwa bila kuandika. Kalamu yake ilishuka kwenye karatasi pale tu mama aliposema kwamba kampuni ya mafuta haileti chini ya galoni 100. Kijana yule hakulijua hilo. Aliye kando haangukiwi na mti, na anayepashwa joto na gesi ya bomba mjini hawezi kukisia kwamba familia yenye fedha za galoni 15 haiwezi kununua hata moja kutoka kwa lori.

Kwa hiyo shuka chini ya nyumba ukalitazame tangi lako. Mengi ni ya galoni 275, na juu yake kuna kikombe kidogo cha plastiki angavu chenye kidude chekundu kinachoelea. Kila asubuhi andika katika daftari kidude kiko wapi: nusu, robo, chini ya robo. Andika siku mlipokwenda kituo cha petroli na dumu la manjano kununua dizeli galoni 5 ili boila isizime. Andika chumba gani mlihamia wote kulala. Daftari hilo la mwezi mmoja lina thamani kuliko kurasa kumi za malalamiko, na mambo hayo hakuna mwingine anayeweza kuyaandika.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja, ihusu jambo moja, na ombi lako lionekane mapema, lenye kiasi. Ukiandika "naomba utusaidie sisi maskini", msaidizi hatajua aweke barua hiyo kwenye fungu gani, kwa sababu chini ya "maskini" kuna chakula, nyumba, dawa na mengine mengi. Taja LIHEAP kwa jina. Nimekuandikia mfano, badilisha tarehe, tarakimu na habari za nyumbani ziwe zako za kweli, maana barua yenye uongo mmoja inaharibu hata za wenzako.

"Mheshimiwa Seneta Collins,

Mimi ni mkazi wa Lewiston, mama wa watoto wanne, na mdogo wao ana miaka mitatu. Nakuandikia kukuomba uhakikishe kwamba fedha za mpango wa LIHEAP kwa mwaka wa fedha 2027 hazipungui dola bilioni 4, na kwamba zinafika majimboni kabla baridi haijaanza.

Nyumba yetu hupashwa joto kwa mafuta ya boila. Mwaka 2025 fedha za mpango huu zilichelewa. Tarehe 16 Novemba tangi letu lilikuwa karibu tupu. Kampuni ya mafuta haileti chini ya galoni 100, na mimi nilikuwa na fedha za galoni 15 tu. Kwa siku tisa mume wangu alikuwa akinunua dizeli galoni 5 kila alipotoka kazini, nasi tuliwasha boila kwa muda wa saa mbili tu jioni na saa mbili nyingine alfajiri. Watoto wote walilala chumba kimoja wakiwa wamevaa makoti. Msaada ulipofika, lori lilikuja na nyumba ikapata joto siku hiyo hiyo.

Mume wangu na mimi tunafanya kazi. Tunalipa kodi ya nyumba na umeme kwa wakati. Mafuta ya Januari na Februari ndiyo yanayotushinda.

Naomba unijibu kwa maandishi unieleze kama utatetea kiasi hicho. Nakushukuru kwa kazi uliyokwisha kuifanya kwa ajili ya mpango huu."

Chini yake weka jina lako kamili na anuani ya nyumbani pamoja na nambari ya posta. Bila anuani, ofisi haiwezi kujua kama wewe ni mkazi wa eneo lake, na barua za wasio wakazi huwekwa kando. Angalia pia kwamba mfano huu haulii. Najua wengi wetu tumefundishwa kumwendea mkubwa kwa unyenyekevu mwingi, kupiga magoti kwa maneno kabla ya kufika kwenye shida. Kwa seneta heshima inatosha mwanzoni na mwishoni. Katikati eleza ulichokiona, kwa sentensi fupi. Wengine wananiambia wanaona aibu watu kujua kwamba walilala na makoti. Sikubaliani na aibu hiyo. Mama aliyegawa galoni 5 za dizeli kwa siku moja ya baridi ya Maine amefanya kazi ya kiuchumi ambayo Kamati ya Matumizi inapaswa kuisikia.

Kuhusu lugha, barua iende kwa Kiingereza, lakini ianze kuandikwa kwa Kiswahili chako mwenyewe, kwa sababu ukilazimisha Kiingereza tangu mwanzo utaandika yale tu unayoweza kuyasema, si yale yaliyotokea. Kisha mwombe mtu wa chama cha jamii au wa maktaba akutafsirie. Ukitumia programu ya kutafsiri, andika "mafuta ya boila" kila mara, kwa kuwa neno "mafuta" likiwa peke yake laweza kutoka kama mafuta ya kupikia. Mtoto wako aliye shule anaweza kuipitia, lakini usimbebeshe yeye kazi ya kuisoma mbele ya wageni.

Barua ya karatasi inayotumwa moja kwa moja Bungeni Washington huchelewa, kwani tangu mashambulizi ya kimeta kwa njia ya posta mwaka 2001 barua zote hukaguliwa kwanza mahali pengine. Njia ya haraka ni fomu iliyo kwenye tovuti rasmi ya kila mbunge. Njia ninayoipenda zaidi ni kuipeleka kwa mkono kwenye ofisi ya seneta iliyo ndani ya jimbo, ukaonana ana kwa ana na mtu atakayeipokea. Ukipendelea simu, nambari ya ukumbi wa Bunge ni 202-224-3121. Taja jina la mbunge wako nao watakuunganisha.

Wakati nao una uzito wake. Mwaka wa fedha huanza Oktoba 1, lakini kiasi huanza kujadiliwa miezi mingi kabla. Majira ya kuchipua, Machi na Aprili, ndipo wabunge wanapopeleka kwenye kamati maombi yao ya mwaka unaofuata, na ndipo maseneta wanapoombana saini katika barua za pamoja. Kwa hiyo andika Machi, wakati baridi bado iko mifupani mwako. Andika tena Septemba, kwa sababu mara nyingi Bunge hufika Oktoba bila kukubaliana, na tumeona mwaka 2025 jinsi hali hiyo inavyofika hadi kwenye tangi lako.

Usichanganye barua hii na shida ya faili lako binafsi. Ikiwa ombi lako la HEAP limekwama au limekataliwa bila maelezo, hilo ni jambo lingine: ofisi ya mbunge ndani ya jimbo ina watumishi wa kuwafuatilia wakazi matatizo yao, na watakupa fomu ya kutia saini ili waruhusiwe kuuliza habari zako kwa niaba yako. Ukiandika yote mawili katika barua moja, ombi lako la bajeti litapelekwa kwa mtu wa mafaili nalo litaishia hapo.

Na usilisahau Bunge la jimbo huko Augusta, lenye wawakilishi 151 na maseneta 35, ambao ni karibu majirani zako. Januari 2023, bei ya mafuta ilipokuwa imepanda sana, wabunge wa Maine walipitisha sheria ya dharura iliyowapelekea wakazi wengi hundi ya dola 450 na kuongeza fedha za jimbo kwenye HEAP. Kwa mwakilishi wa jimbo barua ya nusu ukurasa inatosha. Wengine watakupigia simu wenyewe.

Baada ya wiki kadhaa utapata jibu. Lisome polepole na mtu anayejua Kiingereza, mkitafuta mambo mawili tu: je, limetaja LIHEAP, na je, limetaja kiasi? Likisema kwamba mheshimiwa anazijali familia za Maine na kuishia hapo, hujajibiwa. Piga simu ofisini, taja jina lako na mji wako, na uulize swali moja: mheshimiwa ataweka saini kwenye barua ya pamoja ya mwaka huu ya kuomba fedha za LIHEAP, au hataweka? Andika jina la aliyekujibu, tarehe, na maneno aliyoyasema, katika daftari lile lile la tangi, ili Septemba uanze barua yako ya pili pale ya kwanza ilipoachia.